Maswali ya Wasomaji: Pikipiki Ikivuka Boda Inadai Karatasi Gani?

Toleo lililopita niliandika mistari minne tu kuhusu jamaa niliyemkuta sheli pale Buzuruga, pikipiki imebeba maboksi ya bati pande zote mbili, plate namba za Ujerumani, vumbi mpaka kwenye nyusi, nikataja kwamba ana kitabu kinaitwa karneti. Basi mistari minne hiyo imeniletea maswali mpaka simu ikaomba poo. Nimechagua machache, mengi yanafanana kwahiyo ukiona lako halipo soma la jirani yako. Wanaonijua wanajua kabla ya kuandika hapa nilikula mkate wa kliaringi miaka kadhaa upande wa Sirari, kwahiyo nitajibu kama mtu aliyesimama foleni za mihuri, sio kama mwanasheria.

SWALI: Kaka habari za kazi. Sisi ni washkaji watatu, tumeshapiga Bukoba, tumeshapiga Kigoma, sasa tunataka kuunganisha Mwanza mpaka Cairo alafu tuvuke Ulaya. Jamaa mmoja katuambia bila karneti hatufiki popote, mwingine kasema karneti ni ya wazungu tu sisi hatupewi. Ukweli ni upi, inatolewa wapi, na inakula sh ngapi?
Kijana wa Kirumba

JIBU: Wote wawili wamepatia nusu. Karneti haiangalii rangi ya mtu, inaangalia pikipiki imesajiliwa wapi. Na pia sio kweli kwamba bila hiyo hamfiki popote, maana nchi zote hizi za jirani mnapita bila kuigusa, hilo nalijibu swali linalofuata.

Jina lake kamili ni Carnet de Passages en Douane, Kifaransa hicho, na ni kitabu cha karatasi kweli kweli, kwenye dunia hii ya simu bado mtu anatembea na kitabu kifuani. Kazi yake ni kuiambia forodha ya nchi unayoingia kwamba hii pikipiki haijaja kuuzwa, imekuja kutembea, itatoka, na isipotoka kuna mtu wa kulipa ushuru wake. Ndo maana ukiwa nacho hulipi ushuru ukiingia. Msingi wake ni mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1954 uliosainiwa New York kuhusu magari binafsi yanayoingia nchi kwa muda. Vitabu vinatolewa na vyama vya magari vilivyo chini ya FIA, hao hao wa mashindano ya magari, na kwa hapa kwetu chama mwanachama wa FIA ni Automobile Association of Tanzania, makao yake Dar, ndo pa kuanzia kugonga hodi.

Kitabu kinakuwa na kurasa 5, 10 au 25 na kinaishi mwaka mmoja. Kila ukurasa una vipande vitatu. Ukiingia nchi ofisa anagonga mhuri anachana kipande cha chini, anabaki nacho. Ukitoka anagonga tena anachana cha katikati. Kile cha juu hakichanwi, kinabaki na wewe kikiwa na mihuri miwili, wa kuingia na wa kutoka, na hicho ndo ushahidi wako wote duniani. Mtu anakilinda kitabu kama yai, anakifunga nailoni tatu, lakini hajawahi kuangalia kipande cha juu kimegongwa mara moja au mbili. Na mjue kila mkiingia nchi mnakula ukurasa, mkiingia Uganda mkaenda Rwanda mkarudi tena Uganda hizo ni kurasa mbili za Uganda kama mnatumia karneti, kwahiyo mkihesabu nchi hesabuni na kurudi.

Sasa hela. Kuna ada ya kitabu chenyewe, hiyo haiwatoi jasho. Jasho liko kwenye dhamana. Chama kilichokupa kitabu ndicho kinachobanwa koo na forodha ya ugenini ukipotea na pikipiki, kwahiyo na chenyewe kinataka kushika kitu chako: hela taslimu unaweka, au barua ya dhamana ya benki, au bima maalumu pale ambapo chama kinaikubali. Ukubwa wa dhamana unafuata vitu viwili, thamani ya pikipiki na ile nchi yenye kodi kali kuliko zote kwenye safari. Tuchukue mfano wa kubuni, pikipiki ina thamani ya milioni 10, nchi mojawapo kodi zake zote ukijumlisha zinafika asilimia 150 ya thamani, basi dhamana inaanza kuongelewa kwenye milioni 15, pikipiki yenyewe haifiki huko. Na Misri, ambako ndo mnakotaka kwenda, ni nchi inayojulikana miaka nenda rudi kwa kuipandisha dhamana juu kabisa. Nyuma ya kitabu kuna orodha ya nchi, zile ambazo hukulipia dhamana zinapigwa mstari, na ukifika kwenye nchi iliyopigwa mstari kitabu chako hapo ni daftari tu.

Mna pikipiki tatu, maana yake karneti tatu na dhamana tatu. Kaeni chini na kalamu kabla hamjaagiza majaketi.

Alafu niwaambie kingine hata kama kitawauma. Njia ya Cairo ya nchi kavu ni Sirari, Nairobi, Moyale, Ethiopia, Sudan, Wadi Halfa, Misri. Sudan kuna vita tangu Aprili 2023. Hapo karneti haisaidii kitu, kitabu hakizuii risasi. Wanaokwenda upande ule wengi wanapakia pikipiki kwenye meli wakaruka hicho kipande. Mimi ningekuwa nyinyi safari ya kwanza ningegeuza vioo kusini: Tunduma, Zambia, mnavuka daraja la Kazungula lililofunguliwa 2021, mko Botswana. Na huko kuna raha moja ya makaratasi, Botswana, Namibia, Afrika Kusini, Lesotho na Eswatini ni umoja mmoja wa forodha, mnagongewa kuingia mara moja mnapoingia umoja na kutoka mara moja mnapotoka, katikati mnatembea tu. Ila mtego wake ndo huo huo, ukitokea Namibia wakati uliingilia Botswana usiseme ah mimi Namibia sikugongewa kuingia, gonga kutoka pale pale.

Ulaya nayo watu wanaiogopa bure upande wa forodha. Nchi za Umoja wa Ulaya hazidai karneti kwa mgeni, pikipiki ya matembezi inaruhusiwa kukaa mpaka miezi 6 bila ushuru, na Uingereza hivyo hivyo miezi 6. Kinachokubana Ulaya ni viza yako wewe na bima ya pikipiki, maana bima ya kwetu haisomeki kule na Tanzania haimo kwenye mfumo wao wa kadi ya kijani, unanunua ya kwao unapoingia. Chukueni pia leseni ya kimataifa, hiyo ni kijitabu kingine, msichanganye, leseni ya kimataifa inamhusu dereva na karneti inaihusu pikipiki.

SWALI: Mkuu mimi ni bodaboda wa Igoma. Shemeji yangu yuko Migori Kenya na kuna msiba, nataka niende na pikipiki yangu, nauli ya basi na kuhamahama sitaki. Pikipiki ni ya mkataba bado miezi minne nimalize. Je natakiwa hiyo karneti? Na bosi asipotaka je?
Boda wa Igoma

JIBU: Poleni na msiba. Karneti haikuhusu. Kati ya nchi za Afrika Mashariki pikipiki yenye plate ya hapa inaingia kwa kibali cha muda cha forodha, unaandikishwa pale pale boda, na kwenye karatasi kuna tarehe ya mwisho ya kukaa. Isome hiyo tarehe. Usiikunje ukaiweka soksi.

Tatizo lako liko kwenye kadi. Ukifika Sirari cha kwanza wanaangalia kadi ya pikipiki ya TRA jina gani limeandikwa, na kama ni la bosi wako wewe hapo ni mtu umekamatwa na mali ya mtu mwingine unaivusha nchi, hata ulie vipi. Unahitaji barua ya bosi ya kukuruhusu kuitoa nje ya nchi, iwe na namba ya usajili, namba ya chasisi, jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, unakwenda nchi gani na unarudi lini, igongwe mhuri wa wakili, na yeye akupe kadi halisi sio kopi. Asipotaka ndo hivyo hutoki, pikipiki ni yake mpaka hiyo miezi minne iishe, na kusema ukweli hata mimi ningekuwa bosi ningekuuliza maswali mawili matatu.

Vingine: leseni ya udereva iwe hai, wewe mwenyewe pasipoti au hati ya dharura ya safari kutoka Uhamiaji, na bima. Bima yako ya hapa inaishia kwenye mstari wa boda, ukivuka unatakiwa Yelo Kadi ya COMESA, ule umoja wa biashara wa Mashariki na Kusini mwa Afrika, inauzwa na kampuni za bima hapa hapa mjini, omba uongezewe kwenye bima yako kabla hujaondoka. Tanzania ilitoka COMESA mwaka 2000 lakini kwenye mpango wa hiyo kadi tumo. Na usije ukachanganya maana kuna kadi mbili za njano, ya bima na ya chanjo ya homa ya manjano. Nilishuhudia mzee mmoja Sirari ofisa anamwambia naomba yelo kadi, anatoa ya chanjo, ofisa anasema sio hii, mzee anapandwa na hasira anakunja mkono wa shati amuonyeshe alipochomwa sindano.

Abiria wa kulipa usimbebe ukivuka, leseni yako ya LATRA ni ya kazi ya humu ndani. Mbebe mkeo.

Na kwa kuwa umetaja boda, wengi hapa hawajui neno lenyewe bodaboda lilizaliwa boda, pale Busia kati ya Kenya na Uganda, watu wa baiskeli walikuwa wanabeba abiria kutoka geti moja mpaka lingine wakiita boda, boda. Kwahiyo wewe ukienda Migori unarudisha neno kwao.

SWALI: Mwandishi wetu habari. Mimi ni mama wa watoto wanne, mjane, naishi Nyegezi kwenye nyumba aliyoniachia marehemu. Mwanangu wa pili anataka kwenda na pikipiki mpaka India na wenzake, kaniletea fomu za benki anasema niweke hati ya nyumba ili apate kitabu cha forodha, anasema ni karatasi tu mama, hela haitoki. Nikimkatalia ananuna. Nifanyeje?
Mama wa Nyegezi

JIBU: Mama yangu shikamoo. Barua yako nimeisoma mara tatu. Usisaini kwanza.

Nikueleze jinsi kamba inavyofungwa. India haimjui mwanao, inaijua ile alama ya chama kwenye kitabu. Chama hakimjui mwanao kwa undani, kinaijua benki iliyoandika barua ya dhamana. Benki nayo haimuamini mwanao, inaiamini hati yako. Sasa tuseme pikipiki imeingia nchi ya watu na hakuna mhuri wa kutoka. Forodha ya kule inakiandikia chama cha magari cha kule, dai linasukumwa mpaka chama cha huku, chama kinaiita benki, benki inalipa, alafu benki inageuka inakuangalia wewe mama. Hiyo ndo maana ya karatasi tu. Ni kweli mambo yakienda sawa hela haitoki, na safari nyingi zinakwenda sawa, simdanganyi mtu. Ila madai hayatoki siku ile ile, forodha wana mpaka mwaka mzima baada ya kitabu kuisha muda kuleta dai lao, kwahiyo hati yako inaweza kukaa ndani muda mrefu wakati kijana ameshasahau hata India inafananaje.

Na kuna watu wanadhani hatari ni kijana kuuza pikipiki. Wala. Hatari ni pikipiki kuibiwa, au kuharibika kabisa huko milimani akaiacha gereji akapanda ndege. Kwa forodha pikipiki iliyoibiwa bado ni pikipiki ambayo haikutoka, karatasi ya polisi ni lazima aichukue siku ile ile lakini sio kila mahali inatosha kufuta ushuru. Na iliyokufa haiachwi tu, inakabidhiwa forodha au inateketezwa wao wakishuhudia, anapewa maandishi.

Ningekuwa mjomba wa huyo kijana ningemkalisha. Ningemuuliza pikipiki gani anakwenda nayo, kama ni hiyo kubwa ya bei mbaya kwanini asitumie ndogo ya thamani ya chini ili na dhamana ishuke, India imejaa pikipiki ndogo na milima yote wanapanda nazo. Kuiondoa India kwenye orodha hawezi, ndo anakokwenda, na India, Pakistan na Iran zote zinadai karneti, ila anaweza kupeleka pikipiki kwa meli moja kwa moja akapunguza nchi nyingine njiani. Au, na hili vijana hawapendi kusikia, akaenda kwa ndege akakodi pikipiki kule kule, hakuna kitabu, hakuna benki, hakuna hati. Kama bado anataka yake basi aweke dhamana ya hela yake mwenyewe aliyochanga, kidogo kidogo, na akichelewa mwaka mmoja India haihami.

Ukiamua hata hivyo kumsaidia, na wewe ndo mama unamjua, usiende benki peke yako. Nenda na mtu anayesoma mikataba, uliza mambo mawili yaandikwe: kiasi cha juu kabisa ambacho benki inaweza kukudai, na ni karatasi gani hasa ikirudi ndo hati yako inatoka. Hilo la pili ndo watu wanasahau.

Na akinuna, mwache anune. Atakula tu.

SWALI: Bro kuna mzungu hapa Bukoba kachoka safari anataka kurudi kwao kwa ndege, anauza pikipiki kubwa kabisa ya safari kwa bei ya kutupa, anasema nimpe hela taslimu ananipa funguo na makaratasi yake yote na hicho kitabu. Nichukue?
Mdau wa Bukoba

JIBU: Usichukue hivyo hivyo. Bei ya kutupa maana yake kuna mtu atakayeokota, na hapa ni wewe.

Hiyo pikipiki haijalipiwa ushuru Tanzania, imeingia kwa ahadi kwamba itatoka, inawezekana kwa kupitia Mutukula hapo hapo. Kitabu kina jina lake, hakirithiwi kama shamba. Wewe ukibaki nayo huwezi kuisajili, hutapata kadi, na siku ukisimamishwa trafiki anakuta plate za ugenini, kitabu cha mtu ambaye yuko kwao anakunywa bia, na wewe juu ya siti. Na yeye naye anajidanganya, maana chama chake kitadaiwa na kitamdai.

Njia ya halali ipo na haina uchawi. Mwende wote wawili TRA forodha kabla hajapanda ndege, aseme anataka kuiuza nchini, wathamini, ulipwe ushuru na VAT ya asilimia 18 na vingine vitakavyotajwa pale, ndipo karneti yake inafungwa kwa maandishi na wewe unaanza usajili kama pikipiki yoyote iliyoingizwa. Sasa chukua jumla ya kodi weka juu ya hiyo bei ya kutupa uone kama bado ni ya kutupa. Alafu kumbuka spea zake, hapo Bukoba pedi za breki za hiyo mashine utazipata wapi?

SWALI: Nilisafiri na karneti mwaka jana, nchi moja nilitoka asubuhi sana sikugongewa mhuri wa kutoka, nimekuja kugundua niko nyumbani Musoma. Pikipiki ninayo hapa uani. Nimechelewa?
Mwenye wasiwasi, Musoma

JIBU: Hujachelewa, ila acha kukaa uani kuiangalia. Hii ilishanikuta mimi mwenyewe niliyekuwa nafundisha wengine, mvua imekolea, geti moja la kuingilia na kutokea, nikagongewa pasipoti nikajua ndo nimemaliza, nikawasha nikaondoka. Miezi baadaye inakuja barua ya kistaarabu sana inauliza pikipiki iko wapi. Nilikosa usingizi siku mbili.

Dawa yake ni cheti cha kuthibitisha pikipiki ilipo. Unaomba fomu kwa chama kilichokupa kitabu, unaipeleka pikipiki yenyewe, sio picha, kwa ofisa wa forodha, analinganisha namba ya chasisi na ya injini na zilizo kwenye kitabu, anaandika kwamba ameiona kwa macho yake tarehe fulani iko hapa, anagonga mhuri. Ambatanisha kopi ya pasipoti yenye mhuri wako wa kutoka nchi ile na karatasi za kuingilia nchi iliyofuata. Fanya sasa hivi wakati bado dai halijaja. Hata kama mihuri yako yote ingekuwa imekamilika, ukifika nyumbani kitabu kinarudishwa chama ndipo dhamana inafunguliwa, kuna watu wamekigeuza kumbukumbu ya ukutani na hela yao imelala.

Wenye safari mbele: chungeni sana hizi boda mpya za pamoja kama Sirari, Mutukula na Rusumo. Zamani ulikuwa unasimama kwenu, unavuka, unasimama kwao, hata usipotaka unakumbuka. Siku hizi unapita upande wa kwenu moja kwa moja, yote yanamalizwa kwenye jengo la nchi unayoingia, madawati ya nchi mbili yanaangaliana, na ni rahisi kumaliza dawati moja ukadhani umemaliza yote. Uliza hivi, kwa sauti, wa kutoka nani, wa kuingia nani. Uhamiaji wawili, forodha wawili, mihuri minne. Usiondoke na mitatu. Na Rusumo ukishavuka kumbuka Rwanda wanaendesha kulia, mihuri yote iwe sawa alafu ukutane na lori uso kwa uso kwenye kona ya kwanza, haifai.

SWALI: Pikipiki ikipelekwa nje kwa ndege au meli kutoka Dar inafungwaje?
Msomaji wa Geita

JIBU: Kreti ya mbao. Kwa meli unalipia ujazo kwahiyo toa tairi la mbele, usukani na vioo, kreti iwe fupi. Kwa ndege pikipiki inahesabiwa mzigo hatari, namba yake ni UN 3166, tenki linakaushwa mafuta na betri inachomolewa. Piga picha za chasisi kabla kreti haijapigwa misumari maana forodha wakitaka kuisoma utaifungua mwenyewe. Siku hizi kutoka Geita mpaka Mwanza ukitaka kuunganisha gari la Dar mambo rahisi, daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, zile foleni za kivuko tulizokuwa tunakula mahindi ya kuchoma mpaka tumbo linauma zimeisha, ingawa mahindi nayakumbuka.

SWALI: Rafiki yangu ana mtumbwi wa injini Ukerewe, anasema anaweza kunivusha na pikipiki usiku mpaka upande wa Kenya, hakuna boda wala karatasi wala nini. Unaonaje?
Mvuvi mstaafu

JIBU: Mzee wangu, naona utaingia Kenya na pikipiki ambayo kwa karatasi haijaingia, na siku ukitaka kuitoa huwezi kuitoa kwa sababu haipo. Katikati ya ziwa kuna mpaka sawa sawa na pale Sirari, tofauti ni kwamba hauna geti. Ukikamatwa na pikipiki huko utaitwa mlanguzi na mtumbwi wa rafiki yako utachukuliwa pamoja nayo, na huo mtumbwi ndo ugali wa watoto wake.

Kama ni ziwa tu unalipenda, ulizia bandari ya Mwanza Kusini, zipo meli za mizigo zinazokwenda Port Bell Uganda, pikipiki inapakiwa kama mzigo kwa karatasi zake na forodha wanakusubiri ukishuka kama wanavyokusubiri Mutukula. Mwenyewe utapanda basi ukaipokee. Ifunge kamba nne, mbili mbele mbili nyuma, na tairi uzitilie kabari, maana kaskazi ya jioni pale katikati unaijua kuliko mimi.